Milimita Mbili za Jino la Mbele

Mtaa mzima huu hakuna mwanamke mwenye mfupa wa taya mnene kama wangu. Nawaambia mapema ili mjue mnasoma maneno ya nani. Haya, tusidanganyane: siku ya kwanza ulipopimwa ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na sehemu kubwa ya huo nilionao leo nilitiliwa na daktari kwa kijiko. Lakini ningeanza na kijiko, nani angeendelea kusoma?

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na hesabu niliyotoka nayo ni ya futi ya kupimia: inchi, sentimita, na vile vijistari vidogo katikati ambavyo wengine hawavioni. Kwa miaka arobaini nimeshona sare za shule, magauni ya maharusi, na mashati ya wanaume wenye matumbo wasiyoyakubali. Na miaka yote hiyo sikuwahi kukata uzi kwa mkasi. Mkasi unauweka chini, unapotea chini ya kitambaa, unautafuta, kumbe umeukalia. Jino liko pale pale siku zote. Mafundi wa umri wangu ukiwachungulia mdomoni utakuta jino la mbele lina kijifereji cha uzi, kama ukingo wa kisima unavyoliwa na kamba. Langu lilikuwa la juu, kushoto kidogo. Kifereji kikawa ufa, ufa ukashuka hadi kwenye mzizi, na asubuhi moja, nikiwa katikati ya pindo la pazia, nikatema kitu kigumu kiganjani. Nilidhani ni kifungo.

Mzizi uliobaki waliung'oa, wakanipa jino la kuvaa, lile lenye plastiki inayokaa kwenye kaakaa.

Sasa hapa lazima niwaeleze habari ya kicheko changu, maana ndicho kilicholeta yote. Mimi sichekei puani. Nacheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, mpaka miguu inapiga pedali ya cherehani yenyewe. Marehemu mume wangu alinipenda kabla hajaniona. Alikuwa anapaka rangi nyumba ya jirani, akasikia kicheko kikipita ukutani, akateremka ngazi kuuliza ni cha nani. Aliponiona alisema alitegemea mtu mnene zaidi, lakini hakurudi nyuma.

Basi kicheko hicho na jino la kuvaa havikuweza kukaa nyumba moja. Siku moja mteja alikuwa ananisimulia jinsi mumewe alivyojifungia chooni kumkwepa mama mkwe, halafu kitasa kikakatika, na mama mkwe ndiye aliyekwenda kumtoa kwa bisibisi. Nikacheka. Jino likaruka, likatua ndani ya kopo la vifungo. Vifungo vyeupe. Tuliinamia kopo vichwa vitatu, mimi, mteja na mkwe wangu, tukichambua. Mara mbili mkwe alisema, "Hili hapa," na mara mbili lilikuwa na matundu manne.

Tangu siku hiyo nikawa nacheka mkono mdomoni, kama mwali mbele ya wakwe. Miaka mitatu. Wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa. Mwingine akaniletea dawa ya tumbo.

Mkwe wangu ni mke wa mwanangu wa mwisho. Anashona na mimi, cherehani ya pili, karibu na dirisha. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache hayana sukari. Ndiye aliyenifikisha hospitali ya meno.

"Mama, siku hizi wanapandikiza," aliniambia bila kuinua macho kwenye mshono. "Wanatia skrubu kwenye mfupa, wanafunga jino juu yake. Halitoki."

"Hata nikicheka?"

"Hata ukipiga chafya."

Kesho yake tulikuwa mlangoni kwao kabla mfagiaji hajamaliza ngazi.

Daktari wetu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa na vidole vyembamba, vidole ambavyo ningevipa kazi ya kudarizi papo hapo. Alinilaza kwenye kile kiti chao, akapiga picha ya taya, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nione.

"Bibi, hapa ndipo jino lilipokuwa. Unauona mfupa huu wa mbele, upande wa mdomo? Jino likitoka, mfupa unasinyaa. Wako umesinyaa sana."

"Kama mimi mwenyewe."

"Skrubu yenyewe inaingia. Tatizo ni kinachobaki nje yake. Mimi nataka mfupa wa milimita mbili mbele ya skrubu. Ukiwa pungufu, unaliwa kidogo kidogo, fizi inaufuata, chuma kinachungulia. Uchafu ukiingia hapo fizi inavimba, mfupa unazidi kuliwa, mwisho skrubu inacheza na tunaitoa."

"Ni kifungo cha koti kwenye kitambaa cha hariri," nikamwambia. "Kifungo kizima, uzi mzima, kitambaa ndicho kinachoraruka."

Akavua miwani akanitazama. "Ndivyo hasa, bibi."

"Sisi tunatia kipande kigumu nyuma ya kitambaa kwanza, ndipo tunashona kifungo."

"Na sisi tunatia unga wa mfupa kwanza, tunasubiri ushike, ndipo tunatia skrubu."

"Mimi sasa hivi nina ngapi?"

"Nikitia skrubu leo, mbele itabaki nusu milimita. Haifiki. Na nikishatia unga, kama haujashika, nitakurudishia jino la kuvaa. Sitatia skrubu mahali itakapokuja kukuumiza."

Nusu milimita. Hata mimi mwenye vijistari vyangu sijawahi kukata kitu cha nusu milimita. Lakini moyo ulinidunda kwa furaha, si kwa woga. Mtu alikuwa ananizungumzia kwa vipimo. Nilijisikia nimefika nyumbani.

Siku ya kutiwa unga, akanichoma ganzi, tukawa tunangoja ishike. Ulimi ulikuwa bado wangu kwa dakika chache, nikautumia. Nikamsimulia siri ya kazi yetu. Mteja akija, namzungusha futi kiunoni. Futi inasema tisini na nne. Mimi kwa sauti nasema themanini na nane, tena kwa sauti laini, kama nambembeleza mtoto alale, na wakati huo huo mkono unaandika tisini na nne daftarini. Nguo inamkaa mwilini, namba inamkaa moyoni, anarudi na dada yake.

Daktari alicheka mpaka akaiweka sindano chini. "Bibi, huo ni uongo."

"Ni ushonaji."

"Na hawakugundui?"

"Anayetaka kugundua ana futi nyumbani kwake."

Kisha mdomo ukafa ganzi, akafanya kazi yake. Alifungua fizi, akatia ule unga kwa kijiko kidogo kama cha kuchotea chumvi, akafunika kwa kitu kama bitana, akashona. Sikusikia maumivu. Lakini mkono wa fundi mwingine nausikia hata nikiwa nusu mfu. Alipomaliza nikapitisha ulimi polepole.

"Wa tatu umelegea," nikasema. Kwa ganzi ile ilitoka kama ng'ombe anayeimba, ikabidi nirudie na kuonyesha vidole vitatu.

Akachungulia. Akachukua mkasi, akaukata mshono wa tatu, akaushona upya. Mkwe aliyekuwa amekaa pembeni akamwambia, "Pole, daktari. Na mimi hunifumulisha."

Wakati wa kuondoka daktari alinishika mkono. "Bibi, kuna kitu kimoja. Uzi. Jino hilo likija, na haya ya jirani yake, usikatie uzi tena. Mfupa huo ni mgeni. Usiuvute."

"Sitauvuta."

"Niahidi."

Nikaahidi. Jioni ile mkwe akaninunulia mkasi mdogo mpya, akaufunga kwenye utepe, akanivika shingoni kama medali. Mimi, ili usinichome kifua, nikaushonea kifuko cha kitambaa chenye kifungo. Nilitembea nao kila mahali. Wateja waliuliza, nikawaambia ni tuzo.

Miezi sita nikahesabu kwa chaki, mstari kwa mstari, ukutani nyuma ya cherehani. Siku ya kupimwa nilivaa gauni jipya. Daktari akapiga picha, akachora skrubu ya kubuni juu ya kioo mahali itakapokaa, akavuta mstari mdogo mwekundu mbele yake. Nilikuwa nimeshikilia mikono ya kiti kama ninayesafiri.

"Milimita mbili, bibi," akasema.

Mkwe akapumua. Mimi sikupumua. Ile sauti. Laini, tamu, kama ya kubembeleza mtoto alale. Na mkono wake wa kulia ulikuwa unaandika.

"Tutatia skrubu mwezi ujao," akaendelea, "na siku hiyo hiyo tutaongeza unga kidogo."

"Kama ni mbili, unga wa nini?"

Akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. "Ni tahadhari tu."

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "sauti hiyo nimelishia watoto wanne. Nisomee ulichoandika."

Akasoma kwa sauti yake ya kawaida. "Moja nukta mbili."

"Haya."

"Nimeona umekuja na gauni jipya, bibi. Nikashindwa."

"Kiuno unaweza kunipunguzia, nitakubusu. Mfupa niambie kama ulivyo, maana ndio nitakaochekea."

Akaomba radhi, macho chini. Kisha tukazungumza kama mafundi wawili. Moja nukta mbili ilikuwa imetoka nusu, haikuwa aibu. Skrubu ingeshika vizuri, ila mbele palihitaji kujazwa tena, na kama baada ya miezi minne ile mbili haijafika, daktari mkubwa wa pale hataruhusu jino lifungwe. Angeitoa skrubu. Hakunificha hata neno. Nilitoka pale nimepata habari mbaya na nina furaha kuliko nilivyoingia. Yaelezeni ninyi hayo, mimi nimeshindwa.

Skrubu ikaingia. Kwa wanaotaka kujua, inasikika kama mtu anakaza kitasa chumba cha pili. Akaongeza unga, akashona mishono mitano, na yote mitano nikaipitisha bila neno. Akasubiri nimalize kuikagua kwa ulimi ndipo akavua glavu.

Miezi minne hiyo sikuishi, nilining'inia. Nilipiga mswaki kama ninayeng'arisha sufuria ya arusi. Nilikula upande wa kulia tu, mpaka mkwe akasema shavu la kulia limenenepa. Nikamwota yule daktari mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona, ameshika bisibisi ya mama mkwe wa yule mteja.

Siku ikafika. Daktari mkubwa akaingia mwenyewe, mzee wa haraka haraka mwenye tumbo ambalo ningelikatia shati kwa macho tu. Hakusalimia sana. Akaketi mbele ya kioo, akaikuza picha mpaka skrubu ikawa ndefu kama mkono. Ile skrubu halisi, yangu, nyeupe pe. Na mbele yake, ukanda wa kijivu. Binti yetu alisimama nyuma yake akijipindapinda vidole. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anapimwa.

Mzee akaweka mstari wa kwanza. "Juu, mbili nukta nne."

Wa pili. "Katikati, mbili nukta mbili."

Wa tatu ndio ule wa ukingoni, karibu na fizi, penye kuliwa kwanza. Akauweka, akautoa, akauweka tena.

"Mbili," akasema. "Kamili."

"Kwa sauti gani?" nikamuuliza.

Hakuelewa. Binti yetu akaelewa, akaufunika mdomo. Nikateremka kitini bila kuruhusiwa, nikaisogelea kompyuta, nikavaa miwani yangu. Mbili, nukta, sifuri. Nikamwita mkwe asome na yeye. Akasoma, akasema, "Ni mbili, mama," kisha mtu huyu wa maneno machache akanikumbatia mpaka mkasi ukanichoma kifuani pamoja na kifuko chake.

Wiki mbili baadaye jino likafungwa. Walinipa kioo cha mkono. Nilitabasamu kidogo, kwa adabu. Halafu nikamkumbuka yule mume chooni. Kilianzia tumboni, nikakisikia kinapanda, na mkono ukainuka wenyewe kuziba mdomo, mazoea ya miaka mitatu. Daktari akaushika mkono wangu, akaushusha polepole. Nikacheka. Kichwa nyuma, mdomo wote. Chumba cha kusubiria upande wa pili wakaanza kucheka na wao bila kujua wanacheka nini, na mwanamume mmoja mwenye shavu lililovimba akawa anasema, "Jamani, msinichekeshe, naumia." Jino halikwenda popote.

Hapo ningefunga daftari, mngesema bibi huyu kapata alichotaka, kwaheri. Lakini daktari alikuwa amenipa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na katikati ya miezi hiyo shule zilifunguliwa.

Msimu wa sare nani asiyeujua. Sketi sitini na nne za kijani, kila sketi marinda manane, kila rinda uzi unaning'inia, na wazazi wamejipanga mlangoni wanaangalia saa. Mimi na mkwe tulishona chumba kimoja, migongo imegeukiana, hatukuinua vichwa kwa siku kumi na moja. Tukamaliza zote. Mengine ya siku hizo siyakumbuki vizuri, uzee.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na furaha zangu, nikaanza kumfanyia mzaha tangu mlangoni. Akanilaza, akachukua kijiti chake chembamba cha kupimia, akakipitisha taratibu kuzunguka jino. Akaacha kutabasamu. Akakipitisha tena. Nikaonja chumvi ya damu.

"Fizi imevimba, bibi. Nyekundu. Inatoka damu."

Akapiga picha. Nililala pale nikimsikiliza akibofya kompyuta, nikazihesabu taa za dari, zilikuwa sita, nikazihesabu tena.

"Mfupa bado upo," akasema, kwa sauti ya kawaida, nikamshukuru Mungu kwa hiyo sauti. "Mbili vile vile. Lakini kuna kitu kinaisumbua fizi. Nisipokijua, mwaka mmoja tu mfupa utaanza kuliwa, na kazi yote imekwenda. Naomba unisaidie. Unapiga mswaki?"

"Asubuhi na kabla ya kulala," mkwe akajibu. "Mpaka jirani wanasikia."

"Kile kiburashi kidogo cha pembeni?"

"Anacho. Anakitumia."

"Tumbaku?"

"Sijawahi," nikasema, na hiyo ni kweli tupu.

"Uzi je, bibi? Unakatia uzi?"

"Mimi?" Nikajiinua kiwiko kimoja. "Tangu siku ile nilipokuahidi, uzi haujagusa jino hili. Ndio maana natembea na mkasi. Huu hapa shingoni, tazama. Sketi zote sitini na nne, kila uzi nimeukata kwa mkasi huu."

Daktari akanilaza tena, akasogeza taa, akachukua kibano chembamba kama cha kutolea miiba. Akakiingiza chini ya ukingo wa fizi, akashika kitu, akavuta. Alivuta polepole, kikaja, kikaendelea kuja. Akakiinua kwenye taa, tukakitazama wote watatu.

Kilikuwa kijani.

"Milimita kumi na nne," akasema baada ya kukipima kwa rula yake. Sauti ilikuwa laini, tamu kabisa. "Fizi itapona, bibi. Wiki moja tu. Tumempata mchawi."

"Labda umeruka kutoka cherehani ya mkwe," nikasema.

Mkwe akasimama, akaja kitini, akafungua kifungo cha kile kifuko shingoni mwangu, akautoa mkasi. Mpya, unang'aa. Ncha zake mbili bado zilikuwa zimefungwa pamoja kwa ule mkanda wa plastiki wa dukani.

Akamkabidhi daktari. Daktari akaugeuza huku na huku, akajaribu kuufungua, haukufunguka. Kisha wakanigeukia wote wawili.

"Bibi," akasema daktari, "hebu niambie tena ile habari ya sketi sitini na nne."

Nikauacha mdomo wazi, nikalegeza ulimi, nikalionyesha shavu kwa kidole, kwamba siwezi kusema, ganzi haijaisha.

"Leo sijakuchoma ganzi, bibi."